Malindi kwa Baiskeli: Namna ya Kulizunguka Bonde la Sabaki bila Gari

Anayevuka daraja la Sabaki ndani ya matatu huuona mto kwa kupepesa jicho mara mbili tatu, kisha umeshapita. Anayelivuka kwa baiskeli hushuka, huegemeza chombo chake ukingoni, na hupata nafasi ya kuyatazama maji mazito yenye rangi ya udongo yakisukumana kwenda baharini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo wa pili, awe mgeni au mwenyeji, anayetaka kuizunguka Malindi na vijiji vyake kwa siku tatu au nne bila gari la kukodi na bila dereva, akitegemea miguu yake, baiskeli iliyo imara na, pale inapobidi, paa la matatu.

Jambo moja ningependa kila anayeanza alishike kabla hajafungua ramani: huku kwetu safari ya baiskeli hupimwa kwa upepo, kwa mchanga na kwa maji ya kunywa, na kilomita hufuata nyuma ya hayo matatu. Nimewaona watu wenye nguvu, waliozoea kupiga kilomita 100 kwa siku kwenye lami ya bara, wakiishiwa pumzi kabla ya kilomita 30 kwa sababu waliondoka saa 3 asubuhi, upepo ukiwa usoni na mchanga ukiwa chini ya tairi.

Mto wenyewe unastahili maneno machache, kwa kuwa ndio utakaokuongoza. Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina matatu. Huanza ukiitwa Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukishakutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huwa Sabaki. Kwa urefu ni wa pili nchini Kenya baada ya Tana. Njiani hubeba udongo wa Ukambani, na ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia wakati wa mvua, na ndiyo maana ufuo wa mji umekuwa ukijaa mchanga na kusogea mbele mwaka baada ya mwaka. Maji yayo hayo, yakisukumwa kwa pampu kutoka Baricho, hufika kwenye mifereji ya Malindi, Kilifi na Mombasa. Mashamba, makaburi ya kale, hata vita vya Wagiriama dhidi ya Waingereza, vyote vilijipanga kando ya mto huu, na njia nitakazozieleza hazitoki mbali nao.

Kwanza, upepo

Nahodha wa jahazi na mwendesha baiskeli wa pwani wana bwana mmoja. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, ukiwa mkavu na wenye joto. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, ukitokea kusini na kusini mashariki, na katika Juni na Julai huwa na nguvu ya kuangusha baiskeli iliyoegemezwa vibaya. Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, siku za utulivu ambazo ni tamu kwa safari lakini hazitabiriki, kwani mvua huwa haiko mbali. Masika hunyesha Aprili hadi Juni, na vuli mnamo Oktoba na Novemba. Wakati wa masika udongo mwekundu wa upande wa Magarini, kaskazini mwa mto, hunata kwenye magurudumu hadi yakagoma kuzunguka, na sioni faida ya kupambana nao.

Ukiniuliza mwezi wa kuja, nitakujibu bila kusita: Agosti au Septemba. Mvua kubwa zimepita, mashamba bado yana kijani, jua limepungua makali, na kusi umeanza kulegea. Januari na Februari pia zinafaa kwa aliyezoea joto, ila itamlazimu abebe maji zaidi na kupumzika kwa muda mrefu mchana.

Ukishaujua upepo, ndipo unapopanga njia. Wakati wa kusi, safari ya kwenda Gede, iliyo kusini mwa mji, hukupeleka ukipambana na upepo asubuhi, saa ambazo bado haujapata nguvu na miguu yako ni mibichi, kisha jioni hukurudisha nyumbani ukisukumwa mgongoni. Safari ya kaskazini kwenda Mambrui au Marafa ni kinyume chake: utakwenda kama uliyepewa mabawa, na kurudi utalipa. Kwa hiyo ukienda kaskazini msimu wa kusi, lala huko, urudi alfajiri upepo ukiwa bado umelala. Wakati wa kaskazi, geuza hesabu yote hii. Mtu akizingatia aya hii peke yake na kusahau mengine yote, safari yake itakuwa imepona kwa nusu.

Saa za kusafiri ni zile zile mwaka mzima. Ondoka mara tu panapopambazuka, yaani baada ya saa 12 asubuhi, uwe umemaliza sehemu kubwa ya njia kabla ya saa 5. Kuanzia hapo tafuta kivuli cha mwembe, ule, ulale kidogo, uzungumze na wenyeji, na usirudi barabarani hadi saa 9 alasiri. Uwe umefika unakolala kabla ya saa 12 na nusu jioni, maana giza la huku huingia kwa haraka. Usiku si wa baiskeli: barabara zina pikipiki zisizo na taa, na karibu na mto viboko hutoka majini kuja kula nyasi.

Baiskeli, na namna ya kuikagua

Zipo aina mbili utakazozikuta. Ya kwanza ni ile baiskeli nzito ya chuma, isiyo na gea, yenye keria pana nyuma, ambayo watu wetu huibebea maji, makaa na watoto. Usiidharau. Spea zake zinapatikana kila kijiji, fremu yake ikivunjika huchomelewa, na kwa njia ya Gede au Mambrui inatosha kabisa. Ya pili ni baiskeli ya milimani yenye gea, na kwa Marafa nakushauri utafute hiyo, kwa sababu kuna miinuko na mchanga ambao bila gea nyepesi utausukuma kwa miguu. Aina yoyote utakayochagua, tairi ziwe pana, za milimita 45 au zaidi. Tairi jembamba huzama mchangani kama kisu.

Anayekodi baiskeli mjini asilipe kabla ya kuikagua. Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nilikodi kwa haraka, nikaridhishwa na tairi zilizong'aa, kumbe zilikuwa zimepakwa rangi ya viatu kufunika nyufa, na nilipofika mbele ya Marikebuni tairi la nyuma likapasuka ubavuni, nikatembea hadi jua likawa utosini. Tangu siku hiyo hubonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba pande zote mbili na kuukunja kidogo. Nyuzi zikionekana, naikataa. Kisha huinua gurudumu na kulizungusha huku nikitazama nafasi kati ya rimu na breki: likiyumba, spoku zimelegea. Huzishika spoku mbili mbili na kuzibana, na ile iliyolegea hujisema yenyewe mkononi. Huvuta breki zote mbili nikiisukuma baiskeli mbele kwa nguvu zangu. Mwisho huifungia mzigo ule ule nitakaosafiri nao na kuiendesha mitaa michache, kwa kuwa baiskeli tupu na baiskeli iliyobeba ni vyombo viwili tofauti.

Adui mkubwa wa tairi huku ni mbigiri, ule mmea unaotambaa chini wenye tunda dogo la miiba iliyosimama kila upande. Huota pembezoni mwa barabara, mahali hasa ambapo mwendesha baiskeli hukimbilia anapopisha lori. Ukilazimika kutoka barabarani, simama, ushuke na uinue baiskeli mabegani ukirudi. Usiiburute juu ya nyasi. Beba tyubu mbili, viraka, solushoni, msasa, pampu, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana zinazolingana na nati zako, chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo na kitambaa.

Hata hivyo fundi wa kijiji ni mwalimu bora kuliko mfuko wa vifaa. Katika safari moja ya Magarini nilitobokewa mara tatu ndani ya saa moja, nikiziba na kuondoka, nikiziba na kuondoka, mpaka nilipomfikia kijana mmoja aliyekuwa na karai la maji na kibao chini ya mwarobaini. Aliitoa tyubu upande mmoja tu, bila kuling'oa gurudumu, akaipitisha majini polepole huku mkono wa pili ukiibana mbele, hadi viputo vidogo vitatu vilipopanda kimoja nyuma ya kingine. Alitia alama kwa msumari, akasugua, akapaka solushoni, akaiacha ikauke bila haraka yoyote ingawa mimi nilikuwa nimesimama juu yake. Kabla ya kurudisha tyubu alizungusha kitambaa ndani ya tairi, na pale kitambaa kilipokwama alipinda tairi na kuvuta mwiba mweupe usiofika nusu ya punje ya mchele, kisha wa pili. "Kiraka bila kutoa mwiba ni kazi bure, kaka," alisema. Tangu hapo nimekuwa nikitumia kitambaa, maana kidole huweza kuchomwa na pia huweza kupita juu ya mwiba bila kuuhisi.

Kuhusu mizigo sina mengi. Kilo 8 hadi 10 zinatosha, zifungwe chini na nyuma, zisining'inie kwenye usukani. Leso moja ni kivuli, taulo, shuka na stara. Maji yasipungue lita 3 kwa kila mtu, na yawe katika chupa za kudumu, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu, mbuga na fuo zilizohifadhiwa nchini Kenya. Njiani kuna madafu, na mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili hurudisha nguvu uliyoiacha njiani. Asubuhi kula mahamri na mbaazi kabla ya kuondoka. Beba noti ndogo ndogo za kulipia vitu hivi, kwa sababu si kila mama mwenye beseni la mihogo atakuwa na chenji.

Kaskazini: daraja, mdomo wa mto na Mambrui

Jioni ya kuamkia safari, zunguka mjini kwa miguu. Tazama makaburi ya nguzo karibu na msikiti wa Juma, na nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498. Malindi ilikuwa imeshajulikana mbali kabla yake. Mnamo 1415 twiga kutoka hapa alifikishwa China kwa mfalme Yongle.

Asubuhi shika barabara ya Lamu. Kumbuka kwamba Kenya huendeshwa kushoto, na kwamba mabasi na malori ya barabara hii hayapunguzi mwendo kwa ajili ya baiskeli. Vaa shati la rangi kali na helmeti, na ukisikia lori nyuma na lingine mbele kwa wakati mmoja, toka barabarani mapema. Daraja haliko mbali, hazifiki kilomita 10, kwa hiyo utalifikia jua likiwa bado la upole.

Baada ya daraja kuna vijia vinavyoshuka kulia kuelekea mdomo wa mto. Usivifuate peke yako. Muombe kijana wa kijiji akuongoze, umlipe, kwa sababu mchanga wa pale hubadilika kila bamvua, yaani bahari inapojaa sana, na kwa sababu mtoni mna viboko na mamba. Usioge, hata maji yakionekana matulivu. Sukuma baiskeli badala ya kuipanda, uiache kwenye ardhi ngumu, umalizie kwa miguu. Kati ya Septemba na Aprili ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hujaa hapa kwa maelfu, na mara nyingine heroe huonekana kama kitambaa cha waridi kilichoanikwa kwenye tope. Nenda maji yakiwa yanajaa, kwa kuwa ndipo ndege husogezwa na kukusanyika kwenye matuta ya mchanga.

Mambrui iko kilomita kama 15 kutoka Malindi. Ni mji wa kale wa Waswahili, wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za kauri za China, na mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua hapa sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme yule yule wa twiga. Ingia mjini ukishuka kwenye baiskeli. Wasalimie wazee kwenye baraza kabla hawajakuuliza unakotoka, uwaamkie kwa shikamoo wanaostahili, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya kaburi, msikiti au mtu. Mwanamume avae suruali ndefu, mwanamke ajistiri kwa leso au dera. Wakati wa Ramadhani, kunywa maji yako faraghani. Nimeona milango mingi ikifunguliwa kwa salamu moja iliyotolewa vizuri, hata ile ya ua ambamo kisima cha kale bado kinatekwa.

Marafa, safari inayostahili siku mbili

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayohitaji maandalizi zaidi. Kutoka Malindi ni kati ya kilomita 30 na 40, ikitegemea vijia utakavyochagua. Baada ya daraja la Sabaki unaiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Marikebuni na Magarini, kisha unaendelea kupanda taratibu kuingia bara. Minazi hupungua, mikorosho na miembe hushika nafasi, nyumba za makuti husogea mbali na barabara, na udongo hugeuka kutoka mweupe kuwa mwekundu.

Mchanga una ufundi wake. Punguza upepo wa tairi hadi libonyee kidogo chini ya kidole gumba. Badilisha gea iwe nyepesi kabla ya kuingia mchangani, maana ukishazama huwezi tena. Kaa nyuma kwenye kiti, usukani ushikwe bila kukazwa, macho yatazame mbali mbele na siyo kwenye gurudumu, na miguu isiache kuzunguka. Breki ya mbele usiiguse kabisa. Mara nyingi alama ya tairi la bodaboda ndiyo njia iliyoshindiliwa vizuri. Ifuate hata ikikupeleka upande usiotarajia. Na pale mchanga unapokuwa tifutifu hadi kifundo cha mguu, shuka usukume. Dakika 5 za kusukuma hazichoshi kama dakika 5 za kushindana.

Unapopita hapa, fahamu kwamba uko kwenye ardhi iliyogombewa. Serikali ya kikoloni ilitaka Wagiriama waondolewe ukingo wa kaskazini wa Sabaki, mahali palipokuwa na mashamba yao yenye rutuba, ili wakose njia nyingine ila kuwa vibarua. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaunganisha watu kwa kiapo mwaka 1913. Alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, wakatoroka, na inasimuliwa kwamba alirudi kwa miguu. Mwaka 1914 vita vilipamba moto, nyumba zikachomwa, na watu wakahamishwa kwa nguvu kutoka ukingo huu. Baada ya miaka michache walirejea. Mekatilili amezikwa Bungale, ndani ya Magarini hii hii. Mzee utakayemkuta akipumzika chini ya mkorosho huenda akakusimulia habari hizi kwa undani usio vitabuni, na ukipata bahati hiyo, weka baiskeli chini na usitazame saa.

Marafa yenyewe ni kijiji kidogo, na nyuma ya nyumba zake ardhi hukatika ghafla. Wenyeji huliita bonde hilo Nyari, yaani mahali palipojivunja penyewe. Mvua za miaka mingi zimeuchonga mchanga ulioshikamana ukawa minara na kuta nyembamba, nyeupe juu, kisha waridi, kisha rangi ya chungwa, na chini kabisa nyekundu. Simulizi ya wenyeji ni kwamba hapa paliishi ukoo tajiri wa ng'ombe, waliooga maziwa wakati majirani zao wakiwa na njaa, wakaadhibiwa kwa ardhi kufunguka na kuwameza, na kwamba weupe na wekundu wa kuta ni maziwa na damu. Jumuiya ya kijiji hutoza kiingilio na hutoa waongozaji. Lipa kwa moyo mkunjufu, na umchukue mwongozaji hata kama unaona njia iko wazi, kwani kuta za mchanga hubomoka.

Usishuke bondeni mchana. Chini kule hewa haitembei na joto hutoka pande zote kama ndani ya tanuri. Saa nzuri ni kuanzia saa 11 jioni, jua linapolala na rangi zinapowaka moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kulala Marafa, ambako kuna malazi ya kawaida na chakula ukiagiza mapema: anayetaka kuona machweo na kurudi mjini siku hiyo hiyo atalazimika kuendesha gizani. Agiza chakula cha jioni kabla ya kwenda bondeni, jaza chupa zote za maji usiku, na alfajiri ushike njia. Kurudi ni mteremko sehemu kubwa, na ukiondoka mapema utalivuka daraja kabla kusi haujaamka.

Kusini: Gede, msitu na Mida

Barabara ya kwenda Gede ni lami nzuri, na hilo ndilo tatizo lake, maana magari ya Mombasa hupita kwa kasi. Ondoka panapopambazuka na uimalize mapema. Ni kilomita 15 na kitu. Magofu ya Gede yalikuwa mji wenye misikiti, majumba na visima vya kina kuanzia karne ya 12, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Acha baiskeli langoni kwa mlinzi, ifungwe, na utembee. Tafuta kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, kisha ukae kwenye kivuli kando ya msikiti mkuu ukipumzisha miguu. Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao, yaani vipepeo wangali ndani ya vifuko vyao, nao wakulima hupata sababu ya kuuacha msitu usimame.

Msitu wenyewe ni Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na kituo chake cha wageni kiko kando ya barabara kuu, kusini kidogo ya Gede. Baiskeli huruhusiwa kwenye njia zake, nami sijui namna bora zaidi ya kuuona, kwa sababu haina mlio. Chukua mwongozaji kutoka kituoni. Ndani mna tembo, na ukiona kinyesi kibichi barabarani, mwongozaji ndiye atakayeamua kama mnaendelea au mnageuza. Mahali penye miti ya mirihi pana mchanga mweupe, mzuri kwa macho na mzito kwa miguu. Mahali penye udongo mwekundu ni pagumu na pa haraka. Ukisimama kimya dakika chache huenda ukasikia majani makavu yakichakurwa: ni sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua iliyorefuka kama mkonga, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu.

Mchana ukipoa, shuka hadi ghuba ya Mida, ambako njia ya mbao iliyotundikwa kwa kamba hupita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada inayolipwa hapa huingia katika mfuko wa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na ghuba, kupitia mpango unaosimamiwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Kutoka Mida hadi Malindi, msimu wa kusi, utasukumwa mgongoni karibu njia nzima.

Mwenye siku moja zaidi aelekee magharibi, apite Ganda na Kakuyuni hadi Jilore, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, ambako kuna ziwa linalolishwa na Sabaki mto unapofurika. Njia ina mibuyu mikubwa na magari machache. Maduka ni haba, kwa hiyo maji yote ubebe kutoka Malindi.

Ukichoka, na kurudi mjini

Si aibu kupanda matatu. Mwambie utingo tangu mwanzo kwamba una baiskeli, mkubaliane bei ya mzigo kabla haijapandishwa, na upande mwenyewe juu ya paa kuhakikisha imelazwa upande usio na mnyororo na kufungwa kwa kamba mbili, moja kwenye fremu na moja kwenye gurudumu. Kwa basi la Mombasa, ambalo huweka mizigo tumboni, geuza usukani ulale sambamba na fremu na utoe pedeli zote mbili. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida. Ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume, na wengi wameiharibu kwa kutumia nguvu upande usio wake.

Siku ya kurudi, kabla ya wewe mwenyewe kuoga, ioshe baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa ikiwa ilifika Mida au mdomo wa mto. Piga mswaki mnyororo hadi mchanga wote utoke, uukaushe kwa kitambaa, utie tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, uuzungushe, na ufute mafuta yaliyobaki nje, maana yakiachwa hayo ndiyo yatakayoshika mchanga wa safari ijayo.